Kahawa Imechanua, Mama Anasema Tusipande Bado

Harufu ndiyo iliyonisimamisha mlangoni. Ilikuwa saa kumi na nusu alfajiri, Februari 19, nimetoka uani kwenda kuwasha moto, giza bado zito chini ya migomba. Kihamba kizima, shamba letu la nyumbani la migomba na kahawa, kilikuwa kinanukia. Harufu tamu, nzito kidogo, jirani kabisa na asumini. Nikawasha tochi ya simu nikaenda hadi kwenye mibuni iliyo nyuma ya banda la ng'ombe. Matawi yalikuwa meupe kutoka shinani hadi nchani.

Nilikaa pale nikaangalia tawi moja tu, maana ukimulika yote huoni kitu. Kwenye kila pingili, pale majani mawili yanapokutana na tawi, palikuwa na kishada cha maua yaliyobanana kama watu kwenye haisi ya asubuhi. Kila ua petali tano nyembamba, ncha zimejipinda nyuma, katikati vijiti vya chavua vimesimama wima. Katikati ya vishada yalikuwapo bado matumba machache yaliyofumba, rangi ya maziwa, urefu wa punje ya mchele. Nyuki walikuwa hawajaamka. Sisimizi mmoja alikuwa anapita juu ya weupe ule taratibu, kama mtu anayevuka mto kwa kukanyaga mawe.

Nilirudi ndani mbio.

"Shikamoo Mama. Kahawa imechanua!"

"Marahaba. Harufu nimeisikia tangu jana jioni."

"Basi masika mwaka huu yamewahi."

Mama alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda anafunga kitambaa kichwani. Akamaliza kukifunga kwanza. "Yaliyokuja ni maua, mwanangu. Masika hayajaja."

Tangu asubuhi ile hadi leo ninapoandika, mimi na Mama tuna mjadala mmoja usiokwisha, na ninauandika hapa kwa sababu najua nyumba nyingi za huku mteremkoni Kilimanjaro, za Uru, Kibosho, Old Moshi na Marangu, zina mjadala huo huo kila ifikapo mwisho wa Februari. Tupande au tusubiri?

Kwanza niseme kilichotokea. Usiku wa Februari 9 ilinyesha. Haikuwa manyunyu, bati lilipiga kelele karibu saa nzima. Nina kopo la rangi lenye kuta zilizosimama wima ambalo nimeliweka juu ya nguzo mbali na miti, na asubuhi nilitumbukiza rula ya shule nikasoma milimita 14. Kwa asiyezoea: milimita moja kwenye kopo la namna hiyo ni sawa na lita moja ya maji kwenye kila mita moja ya mraba ya shamba. Kwa hiyo tulimwagiwa lita 14 kila mita. Baada ya Januari kavu kama ile, nilifurahi kama mtoto.

Na kihamba kilifurahi pamoja nami. Jioni ya Februari 10 kumbikumbi walitoka kwenye tundu lililo karibu na isale, mmea tunaoweka mpakani, wakaruka kuelekea taa ya nje, asubuhi kibarazani tukafagia mbawa tu, na kuku wakashinda wameshiba. Kwenye mfongo, mfereji wetu wa maji, vyura walianza kuita, kwanza mmoja, kisha upande wa pili ukajibu. Migomba, ambayo kwa wiki kadhaa ilikuwa imeyakunja majani katikati kama vitabu ili jua lisiinyonye, iliyafungua. Nina mgomba mmoja wa mchare karibu na dirisha la jikoni ambao jani lake changa lilikuwa limekwama kooni tangu mwisho wa Januari, limejisokota, halipandi. Siku nne baada ya mvua lilikuwa limepanda urefu wa mkono wangu. Na pale chini ya ukuta, mahali ambapo mwaka mzima huwa hapana kitu ila udongo, likachomoza lile ua jekundu la duara, bila jani hata moja, limesukuma ardhi mpaka ikapasuka. Watoto wa jirani huliita mpira. Mimi kila mwaka nikiliona hunigusa moyo, kwa sababu kitunguu chake kimekaa kimya gizani miezi yote hiyo na bado kilikuwa hai.

Halafu, siku ya kumi, kahawa. Ukiwa umesimama katikati ya mambo yote hayo, nani atakwambia masika hayajafika?

Mama ndiye anayeniambia. Na hoja yake nimeichukua muda kuielewa.

Matumba ya kahawa hulala wakati wa kiangazi. Yameshaumbika, yamefika urefu ule wa punje ya mchele, yanasimama hapo hapo. Mvua nzuri ya kwanza baada ya ukavu ndiyo inayoyaamsha, na kama siku 8 hadi 12 baadaye yanafunguka yote kwa pamoja, yanakaa siku mbili tatu, kisha yanageuka rangi ya udongo na kudondoka. Kwa hiyo ua nililoliona Februari 19 lilikuwa linazungumzia usiku wa Februari 9. Juu ya Machi halikujua lolote. Mbuni haujui mvua ijayo. Unajua ile uliyoinywa.

Ushahidi wa Mama uko hapo hapo uani. Tuna mbuni mmoja karibu na karo la kuoshea vyombo. Januari mjukuu wake alipopata kipaimara, tulipika kwa watu wengi, na masufuria yalioshwa pale siku mbili mfululizo, ndoo kwa ndoo. Jua lilikuwa kali, hakuna wingu. Siku kumi na moja baadaye mbuni ule ukachanua peke yake, mweupe katikati ya wenzake wa kijani. Mama alinishika mkono akanipeleka kuuona. "Huu umekunywa maji ya masufuria," akasema. "Ukiuuliza, utakwambia masika yameanza."

Tangu siku hiyo nimekuwa nikipita kihambani nikiuliza kila dalili swali moja: unanieleza kilichopita au kinachokuja? Kumbikumbi wanatoka kwa sababu udongo umelainika, kilichopita. Vyura wanaita kwa sababu madimbwi yamejaa, kilichopita. Jani la mgomba, kilichopita. Ua jekundu la ukutani, kilichopita. Karibu kila kitu kinachonifurahisha kinaangalia nyuma. Sisemi dalili hizi ni za uongo. Kila moja imenieleza kweli yake, ila nilikuwa naziuliza jambo lisilo lao.

Wahenga wanasema dalili ya mvua mawingu. Naiheshimu methali, lakini kwetu chini ya mlima ina mtego. Sisi tuna mawingu karibu kila siku ya mwaka. Jua likipanda, hewa yenye unyevu inapanda mteremko, inapoa, na kufikia saa nne au tano asubuhi Kibo, kilele kirefu cha Kilimanjaro, imeshafunikwa. Jioni wingu linaondoka, mlima unabaki wazi, na hakuna tone lililoanguka kwetu. Mtu angepanda kwa kufuata mawingu hayo angepanda mara mia tatu kwa mwaka.

Dalili ambayo Mama anaiamini ni ya saa kumi na mbili asubuhi. Katika miezi hii ya upepo wa kaskazi, kabla jua halijapata nguvu, mlima huwa wazi kabisa: Kibo kushoto na theluji yake, Mawenzi, kilele cha pili, kulia na meno yake. Masika ya kweli yakikaribia, asubuhi zinabadilika. Upepo ule mkavu unalegea, usiku unakuwa na joto la kunata, na unaamka unakuta mlima haupo. Leo haupo, kesho haupo, wiki nzima haupo. Mama hutoka kila asubuhi na kikombe chake cha chai, anasimama pale penye pengo kati ya mringaringa na paa la jirani, anaangalia kaskazini. Akiuona mlima, anarudi ndani kimya. Februari 10 asubuhi, udongo ukiwa bado umelowa, aliuona. Februari 11 aliuona. Siku kahawa ilipochanua, jua lilipotoka, Kibo ilikuwa inang'aa kama imetoka kuoshwa.

Nimesoma maelezo ya wataalamu nikaona hayapingani naye. Mvua zetu za masika huja na ule ukanda wa mvua unaolifuata jua likihama kutoka kusini kwenda kaskazini, na jua huivuka ikweta karibu Machi 20. Mvua kubwa ya Februari inaweza kuwa ukanda huo umewahi, na inaweza pia kuwa wingu moja lililopita njia. Mamlaka ya Hali ya Hewa hutoa utabiri wa msimu kabla haujaanza, na sisi hutuweka pamoja na Arusha na Manyara: nyanda za juu kaskazini mashariki. Nausikiliza, ni msaada mkubwa. Lakini mteremko huu una tabia zake. Msitu wa juu, kwenye mita 2,000 hivi, hupata zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka. Mjini Moshi, mwendo wa chini ya saa moja kwa bodaboda, hazifiki 1,000, na ukishuka njia ya Kahe zinapungua tena. Utabiri mmoja, mashamba matatu tofauti.

Na shida yangu iko Kahe. Huku juu kihambani kosa dogo linasameheka: pana kivuli, pana samadi, pana zamu ya maji ya mfongo. Shamba la chini, ekari moja na nusu ya mahindi, halina kivuli wala mfongo. Linategemea mbingu tu.

Miaka michache iliyopita nilishawahi kuwa na Februari kama hii. Mvua ilipiga siku tatu mfululizo, maua yakatoka, nikaona nikichelewa nitaachwa nyuma. Trekta lilikuwa limeshakatua. Nikaenda na vijana wanne, tukapanda mahindi yote kwa siku mbili, na maharage katikati ya mistari. Mama alinionya, mimi nikasikia uoga wa wazee. Kisha mbingu ikafunga. Siku ya tisa nilishuka Kahe, nikapiga goti, nikafukua shimo moja kwa kidole. Punje ilikuwa imevimba, ngozi imepasuka, na mzizi mmoja mweupe umetoka urefu wa kucha, unatafuta chini. Juu yake udongo ulikuwa umeshakuwa vumbi. Nikafukia tena kwa uangalifu, kana kwamba kufukia vizuri kungesaidia. Siku ya kumi na sita nilifukua shimo la jirani yake: mzizi umekauka kama uzi. Punje ya mahindi ikishakunywa maji ya kufikia theluthi ya uzito wake, imeshaanza safari. Haiwezi kukauka ikarudi kuwa mbegu. Nilipoteza mbegu yote na mbolea ya kupandia, nikakopa kununua nyingine, na nikapanda tena mwisho wa Machi nikiwa sina hamu. Mama hakusema "nilikuambia". Alisema tu kutangulia si kufika, akanipa nusu ya maharage yake ya mbegu.

Kuna kitu kingine kilichonifanya niwaze sana mwaka huu. Mdogo wangu anaishi Leipzig, Ujerumani. Wiki ile ile ya maua ya kahawa alinitumia picha: vijiua vyeupe vilivyoinama, vimetoboa theluji nyembamba, mbele ya nyumba anayopanga. Akaandika, "Dada, huku machipuko yanawahi." Tukapigiana simu tukaongea karibu saa nzima kuhusu maua tu, jambo ambalo hatukuwahi kulifanya. Akanieleza kwamba Wajerumani wana kalenda ya mimea yenye majira kumi badala ya manne, na kila jira lina mmea wake wa kulitangaza. Vile vijiua vyeupe na mti wa hezeli ndivyo vinavyofungua mlango wa machipuko. Wapo watu wa kawaida, wenye bustani zao, ambao kwa kujitolea huandika tarehe ya kila ua na kuipeleka kwa idara yao ya hali ya hewa.

Nilimwambia kwetu mti hauna saa ya namna ile. Kwao mchana hurefuka kwa saa nyingi kati ya Desemba na Juni, na joto hupanda kutoka kwenye barafu. Mmea una vitu viwili vya kuhesabu. Moshi iko nyuzi 3 tu kusini mwa ikweta. Tofauti kati ya mchana wetu mrefu kuliko yote na mfupi kuliko yote ni kama dakika 23. Mti wa huku unahesabu zaidi maji. Ndiyo maana unadanganyika na ndoo za kuoshea masufuria.

Baada ya simu ile nilimuuliza Mama kama aliwahi kuandika tarehe za mvua. Akanionyesha ukutani, nyuma ya mlango wa stoo, kalenda za parokia zilizotundikwa msumari mmoja, mwaka juu ya mwaka. Nimeishi nyumba hii utoto wangu wote, nikadhani amezihifadhi kwa sababu ya picha za Mama Maria. Ndani ya viboksi vya tarehe, kwa kalamu ya bluu, kuna herufi M. M moja ni mvua, M mbili ni mvua kubwa. Nilikaa chini ya dirisha nikazipitia hadi chai ikapoa. Karibu kila Februari ina M mbili tatu, zimekaa peke yake, halafu weupe. Kisha, mwaka mmoja wiki ya kwanza ya Machi, mwaka mwingine Aprili imeshaingia, M zinaanza kufuatana kama shanga. Aliwahi kuwa anapanga kupanda kwa Kwaresima, akaacha, kwa sababu Kwaresima nayo inahama.

Sasa tumekubaliana hivi. Huku juu, dalili za mapema tunazitumia kujiandaa. Nimezibua mfongo mpaka kwenye mpaka wa jirani wa juu, nimehamisha samadi, nimetoa maotea kwenye mibuni yote isipokuwa ile ambayo bado ina maua, maana kuigusa kunayadondosha. Magimbi nimepanda pembeni ya mfongo, hayo hayana wasiwasi. Matandazo ya majani ya migomba nimeyaongeza chini ya kahawa, na hili nalisisitiza kwa kila mwenye kahawa iliyochanua mapema: ua hilo halijawa buni bado. Ukavu ukirudi, vitunda vichanga vitadondoka. Na mvua zikija vipande vipande, mti utachanua vipande vipande, kisha Oktoba na Novemba utachuma tawi moja mara tano kutafuta nyekundu. Unyevu ulio ardhini leo ndio wa kuulinda.

Kahe, tunasubiri. Kipimo chetu ni kile kinachotumiwa sana na wataalamu, tukiongeza cha Mama: milimita 20 au zaidi ndani ya siku tatu, unyevu uingie ardhini shubiri nzima, na mlima usionekane asubuhi tano mfululizo. Jirani zetu wa shamba la chini wameshapanda wawili. Naliona shamba lao, naumia kidogo, nawaombea.

Kuna dalili moja ambayo sijaamua niiweke upande gani. Mbayuwayu. Wamejaa kwenye nyaya za umeme kuanzia kanisani hadi kwenye duka la Mangi. Ni ndege wa gramu 20 hivi, na wengi wao ni wageni waliokuja kukimbia baridi ya Ulaya. Machi na Aprili wanarudi kaskazini, kulekule ambako mdogo wangu anasubiri kuwaona ili ajue machipuko yamefika. Wadudu wanaporuka kwa wingi kabla ya mvua, wao wanashiba na kunenepa kwa safari. Juzi niliwahesabu 31 kwenye waya mmoja. Jana 40 na kitu, wakarushwa na bodaboda nikapoteza hesabu.

Leo ni Machi 2. Usiku yalipita manyunyu, kopo limesoma milimita 3. Asubuhi nilimkuta Mama ameshashika panga, si kwa kukata kitu. Alilichoma ardhini kando ya mchare wa dirishani, akalichomoa taratibu, akapitisha kidole kwenye bapa kuona tope limeishia wapi. Kisha akaweka vidole vyake viwili juu ya alama ile, akanionyesha. "Bado hizi."

Tukageuka wote kuangalia kaskazini. Mawenzi haikuwapo. Kibo ilikuwapo nusu, wingu limeikata kiunoni. Mama akaingia stoo na kalamu. Mbegu ziko darini juu ya jiko, zimefungwa.